Mwanamume na Msuli Mchana Kweupe: Mjadala wa Mkonze

Kijana mmoja wa Mkonze amenunua msuli wake wa kwanza. Hakuununua ili alale nao, wala ili ajifunge akitoka kuoga. Anataka kuuvaa mchana kweupe: dukani, kijiweni, kwenye mpira wa jioni, hata akienda mjini. Kwa mtu wa Lamu au Unguja hiyo si habari. Lakini Mkonze ni kata ya pembezoni mwa Jiji la Dodoma, bara kavu lililo mbali na bahari, na mwanamume akipita barabarani na msuli kiunoni hugeuziwa shingo.

Mjadala huu umepangwa kwa sauti tano, zile zinazosikika kila suala hili linapozuka: kijana mnunuzi, karani wa ofisi ya umma aliyeletwa Dodoma na uhamisho wa serikali, mzee mfugaji wa Kigogo, mama muuza vitenge na fundi cherehani. Hawatajwi majina kwa sababu hoja zenyewe ni za watu wengi. Kikao ni barazani kwa fundi, jua likiwa limeanza kupungua ukali.

Karani ndiye anayeanza, na anapinga.

“Mdogo wangu, sikuchukii. Lakini Dodoma ya leo ni makao makuu ya nchi. Serikali imekuwa ikihamia hapa tangu 2016, na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 26, 2018. Barabara hii inapita watu wa kila mkoa na wageni wa kila taifa. Mtu akitoka nje huvaa nguo ya kutokea, na msuli ni nguo ya ndani ya nyumba. Mimi mwenyewe ninao, lakini mgeni akibisha hodi nauvua kwanza ndipo nifungue mlango.”

Anakumbusha pia kwamba watumishi wa umma wana waraka wao wa mavazi, ule Namba 3 wa mwaka 2007, unaowataka wavae kwa staha na hadhi ya kazi. “Sisi tunabanwa mpaka na jinzi,” anasema. “Kama jinzi ina mashaka, msuli utapitia mlango gani?”

“Kaka, mimi si mtumishi,” anajibu kijana. “Mimi ni fundi rangi. Kazini nitavaa suruali yangu kama kawaida, maana msuli na ngazi havipatani. Ninachodai ni saa zangu mwenyewe. Nikitoka kazini saa kumi, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kabla mvua hazijashuka, jinzi imenigandia mapajani kwa jasho. Nikijifunga msuli napumua. Sasa kwa nini nisubiri giza liingie?”

Hoja ya hali ya hewa si ndogo. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ina msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni jua, upepo na vumbi. Kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa, kinachofuliwa asubuhi na kukauka kabla ya adhuhuri, kinaifaa nchi ya namna hii. Na usiku wa Juni na Julai, baridi inapouma, kitambaa hicho hicho hupanda begani.

Hapo mzee anapokea shikamoo za vijana, anaegemeza fimbo yake ukutani na kuketi.

“Wanangu, mnaisema suruali kana kwamba iliota hapa pamoja na mibuyu. Wazee wetu walijifunga nguo. Moja kiunoni, nyingine lubega. Kijana wa Kigogo alijipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, akashika fimbo, akaenda machungani, na hakuna aliyemwambia yuko uchi. Leo mnamcheka huyu kwa sababu amejifunga nguo?”

Historia iko upande wa mzee, tena kuliko anavyodai mwenyewe. Karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo. Maji yalikuwa machache na watemi wa Kigogo ndio waliokuwa na mamlaka juu ya visima, hivyo kila msafara ulilipa hongo ili upite na unywe. Wasafiri Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857, Henry Stanley mwaka 1871, na wote waliondoka wakinung'unikia malipo hayo. Sehemu kubwa ya hongo ililipwa kwa nguo: merikani, kitambaa cheupe cha pamba kilichofumwa Marekani, na kaniki, iliyotiwa rangi ya nili. Nguo hizo zilipimwa kwa shuka, yaani mikono minne, na kwa doti, yaani mikono minane.

Mikono minne ni karibu mita moja na sentimita themanini. Ndiyo nguo ya mtu mzima kujizungushia kiunoni, na msuli unaouzwa sokoni leo haupishani nayo sana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, vilipopunguza merikani sokoni, vitambaa vya Uingereza na India vikaziba pengo, na Ugogo ukaendelea kupokea. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma mwaka 1910. Kwa hiyo mwanamume wa uwanda huu alikuwa mjuzi wa kitambaa cha kujifunga, anayejua kipi kizito na kipi chepesi, zaidi ya nusu karne kabla hajasikia honi ya treni.

Karani anasikiliza hadi mwisho, kisha anajibu kwa heshima. “Mzee, sibishi kwamba walijifunga. Nasema walipoiona suruali waliipenda wenyewe. Mtu akishachagua, kwa nini tumrudishe nyuma?”

“Wapo waliochagua,” anasema mzee. “Wapo waliolazimishwa.”

Na ni kweli. Mwishoni mwa 1967 na kuingia 1968, viongozi wa Mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega, ngozi na udongo mwekundu, wavae suruali na magauni. Sababu iliyotolewa ilikuwa maendeleo: taifa changa lilitaka raia wake waonekane wa kisasa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU nao ukatangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, ikipiga marufuku sketi fupi, wigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Ndani ya kipindi kifupi nchi moja iliwaambia wengine wamevaa kizamani mno na wengine wamevaa kisasa mno. Waliokuwa na kauli juu ya jambo hilo hawakuwa wavaaji.

Waskoti wanaijua hali hiyo. Baada ya uasi wa nyanda zao za juu kuzimwa huko Culloden, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mavazi mwaka 1746. Kuanzia Agosti 1, 1747, mwanamume au mvulana aliyekamatwa na kilti, vazi la kujifunga kiunoni la wanaume wa Kiskoti, alifungwa miezi sita. Akirudia, alihamishiwa ng'ambo miaka saba. Sheria ilidumu hadi 1782. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1822, Mfalme George IV alizuru Edinburgh akiwa amevaa kilti. Leo Waskoti huivaa harusini na kwenye mpira, na wapo wanaoivaa siku ya kawaida tu. Mjini Seattle, Marekani, kampuni ya Utilikilts ilianza mwaka 2000 kushona kilti za kitambaa kigumu zenye mifuko, kwa ajili ya wanaume wanaotaka kuzivaa bila sherehe yoyote.

“Sasa mmefika kwangu,” anaingilia mama muuza vitenge. “Mnaongea habari za kuamuliwa mavazi kana kwamba ni mkasa wa wanaume. Sketi fupi zilipopigwa marufuku, nani alikimbizwa barabarani? Na juzi juzi tu, hapa hapa Dodoma, si mbunge mwanamke alitolewa bungeni kwa sababu ya suruali?”

Anazungumzia tukio la Juni 1, 2021. Mbunge wa Momba, Condester Sichwale, aliamriwa na Spika atoke ukumbini akabadili nguo baada ya mbunge mwenzake wa kiume kulalamika kwamba suruali yake haikuwa ya staha. Wabunge wanawake kadhaa walimtetea, na picha zake zikasambaa nchi nzima. Mwanamke alitolewa kwa suruali. Mwanamume wa Mkonze anachekwa kwa kuiacha.

“Mimi namuunga mkono kijana,” anaendelea mama, “lakini kwa sharti. Akidai uhuru wa kiuno chake, asimwamulie dada yake nguo. Na jambo la pili: msuli wake ataufua mwenyewe.”

Kijana anakubali yote mawili. Kisha anataja kinachomsumbua kweli. “Mama, wananiambia nimevaa sketi. Wengine wananiuliza nimesilimu lini.”

Swali la sketi mama analimaliza upesi. Mwanamke wa Mkonze hujifunga kitenge kila siku, mwanamume wa pwani hujifunga msuli kila siku, na hakuna mtoto aliyewahi kumchanganya baba na mama. Vitambaa vinatofautiana, mafundo yanatofautiana, mwendo nao ni mwingine.

La dini linahitaji utulivu zaidi, maana bara msuli umezoeleka kuonekana kwa Waislamu na watu wa pwani, na mtu hapendi kudhaniwa kuwa asiye. Dunia inatoa jibu. Kusini mwa India, katika jimbo la Kerala, Wahindu, Wakristo na Waislamu wote huvaa mundu, kitambaa cha kujifunga kiunoni. Nchini Myanmar wanaume Wabudha huenda kazini na longyi. Visiwani Fiji mwanamume Mkristo huenda kanisani na sulu, na polisi wa huko huivaa kama sare. Uganda kanzu, iliyotoka pwani pamoja na biashara, imekuwa vazi la heshima la Waganda wa dini zote. Bwana harusi Mkristo huivaa na koti juu yake bila kuulizwa lolote. Kitambaa hakina dini. Anayekivaa ndiye mwenye dini yake, na aliye na shaka aitazame adabu yake, si nguo yake.

Hapo mzee anarudi, safari hii akiwa upande wa pili. “Mwanangu, nakutetea, lakini sijapendezwa na ulichonunua. Huo ni msuli wa Unguja. Ukitaka cha kwetu, nunua shuka.”

Kijana anasema shuka ya miraba ameiogopa kwa sababu mtu akiivaa mjini hudhaniwa mlinzi au muuza dawa za asili, kazi ambazo vijana wengi wa Kimasai wanazifanya mijini. Hilo linaumiza kulisikia, lakini ni kweli ya mitaani: kuna nguo zinazosomwa kama kitambulisho cha kazi, tena kazi isiyolipwa vizuri. Wakati huohuo wenye majina makubwa ya mitindo hawakuona haya. Louis Vuitton, katika mavazi ya kiume ya msimu wa kiangazi wa 2012, walitumia miraba ya shuka ya Kimasai. Na mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina Kikoy, yaani kikoi, kuwa alama yake ya biashara. Wafanyabiashara na watetezi wa Kenya wakapinga, na ombi halikufika popote. Tunachokionea aibu barabarani, wengine wanakitafutia alama ya biashara.

Fundi cherehani, aliyekuwa kimya muda wote akishona sare za shule, sasa anazima cherehani. Yeye hana haja na historia. Anauliza msuli uko wapi, anaukunjua, anauinua kwenye mwanga.

“Kwanza, kitambaa. Ukiona vidole vyangu upande wa pili, huu ni wa kulalia. Wa kutembelea uwe mzito kama kikoi cha Lamu, pamba tupu, uliofumwa ukabana. Nailoni itakupandisha joto na itateleza kiunoni. Pili, kipimo. Ukijizungushia, ncha moja iipite nyingine na kubaki na ziada ya kukunja. Ukikosa ziada, upepo wa Dodoma utakuaibisha. Tatu, urefu. Ukomee juu kidogo ya kifundo cha mguu. Ukiburuta utaukanyaga, ukifika gotini ndipo watu watakapopata la kusema.”

Anamsimamisha kijana, miguu imeachana kidogo. Kitambaa kinapita nyuma, ncha mbili zinaletwa mbele. Ya kulia inavutwa hadi kwenye nyonga ya kushoto na kukazwa. Ya kushoto inarudi juu yake hadi nyonga ya kulia. Kisha ukingo wa juu unakunjwa kwenda nje, mara moja, mara mbili, mara ya tatu, mpaka unakuwa mshipi mnene unaojishikilia. “Sasa chuchumaa,” anasema fundi. Kijana anachuchumaa. “Inuka. Panda hiyo ngazi. Kaa.” Msuli hauondoki. “Ndani vaa kaptura kila siku, hilo halina mjadala. Siku za mwanzo funga mkanda juu yake, si kwa sababu utaanguka, ila upate moyo. Simu usiikunje kibindoni kama wazee walivyofanya na pesa zao. Simu ni nzito, italegeza mshipi. Na kwenye bodaboda, kaa upande ukiwa abiria, au kunja kitambaa katikati ya mapaja ukiendesha, mbali na mnyororo na ekzosi.”

Mambo haya madogo ndiyo yanayoamua kama vazi litadumu. Anayeogopa msuli wake utafunguka hutembea kama mkosaji, na watu humcheka kwa hofu yake kuliko kwa nguo yake. Anayejua kuufunga huenda dukani, hununua kilo ya unga, hurudi. Siku ya kwanza watatazama, wiki ya pili watamzoea.

Fundi ana pendekezo jingine. Fiji kuna sulu ya kushonwa, yenye kiuno cha vifungo, mifuko na marinda yaliyopigwa pasi, na wanaume huivaa ofisini na shati la mikono mifupi. “Kwa nini nisishone hiyo kwa kitambaa chetu?” anauliza. Swali lake lina mkia mrefu. Tanzania inalima pamba Shinyanga, Simiyu, Mwanza na kwingineko, lakini sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa bado haijasokotwa uzi. Vazi la kila siku la wanaume, linaloshonwa na mafundi wa mtaani, ni soko ambalo halijaguswa.

Karani, kwa haki, hajanyamazishwa. “Nimeelewa,” anasema. “Lakini mtumishi hawezi kuvaa kisichotajwa. Mnanitaka nivunje utaratibu?”

Hapana, asiuvunje. Hapo karani ana hoja, na ni hoja yenye nguvu kuliko zote alizotoa. Lakini utaratibu huandikwa na watu, na umewahi kupanuliwa. Wabunge huingia katika ukumbi wa Bunge, kilomita chache kutoka Mkonze, wakiwa na kanzu, koti na kofia, na heshima ya Bunge haijapungua. Kanzu haikuwa vazi la Ugogo. Ilipewa nafasi kwa sababu kuna raia wanaoiona kuwa vazi la heshima. Shuka na msuli vina raia wao pia. Mwaka 2011 serikali iliunda kamati ya kutafuta vazi la taifa, na tangu hapo suala hilo limekuwa likiibuka na kuzama bila Watanzania kuwa na vazi moja wanalolivaa wote. Huenda kosa ni kulitafuta kwa wabunifu na majukwaa, wakati nguo huota mizizi pale inapovaliwa siku ya Jumanne na mtu anayekwenda kununua mkaa.

Kwa hiyo uamuzi wa mjadala huu ni huu. Kijana wa Mkonze hajafanya kituko. Amerudia vazi lililofahamika katika uwanda huu kabla ya reli na kabla ya jiji. Alivae nje ya saa za kazi, kwa kitambaa kizito, kaptura ndani, likiwa limefungwa sawasawa. Mzee asimlaumu kwa kuanza na msuli wa pwani. Anayezoea kitambaa kiunoni atafika kwenye shuka. Mama apewe alichodai, kwamba uhuru huu uwe wa wote wawili, mwanamke na mwanamume.

Na kwa wale wanaoandika nyaraka za mavazi katika ofisi za serikali za Mtumba na kanuni za Bunge: mtakapozipitia tena, iteni mezani mafundi cherehani na wafugaji wa Dodoma, kisha tajeni kwa maandishi vazi la kujifunga la mwanamume, kitambaa chake, urefu wake na mahali linapofaa, ili karani naye siku ya Ijumaa aweze kulivaa bila kuomba radhi kwa mtu.